Yamini, Pijo na Kinu cha Médiatrice

Biryogo, chumba cha mbele, 3 Aprili 1991

Kwa dada yangu Kabagwira,

Assalamu alaykum. Baada ya salamu, natumai u mzima wa afya. Najua u mzima, maana asubuhi nimekuona ukianika nguo, ukanipita kama unapita ukuta. Mimi pia sijambo, ila saumu inanikausha koo.

Usishangae kupata barua kutoka mlango ulio hatua kumi na mbili tu toka wako. Siku ya arobaini ya marehemu baba nilisema mbele ya watu kwamba pilau yako mbichi. Wewe ukawaambia watu haohao kwamba nilijifunza udereva kwa kugonga ukuta wa msikiti. Tukala yamini, wewe na mimi, kutofunguliana kinywa tena. Sawa. Kinywa nilikiapia, mkono sikuuapia.

Haja yangu ni hii. Mama ametuma salamu kutoka Rwamagana: tumfuate siku mbili kabla ya Idi, sisi wawili pamoja, kwa Pijo, lile gari la marehemu. Kwenye basi hapandi tena, mara ya mwisho alitapika njia nzima. Hajui kwamba tumenuniana, na akijua atageuza shingo na kurudi kwake. Sasa klachi imekufa. Ukikanyaga, pedeli inalala chini na hairudi. Nimefungua silinda zote mbili, ya juu kwenye pedeli na ya chini kwenye giaboksi, nikaziosha vizuri kwa petroli. Kuzirudisha ndiko kumenishinda. Wewe ulimshikia baba taa miaka kumi akilitengeneza.

Mdogo wako,
Mutsinzi


Biryogo, chumba cha nyuma, 4 Aprili 1991

Kwa mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Mimi mzima, cherehani nayo nzima. Pole na koo.

Petroli! Baba angekuwa hai angekufa tena. Ile mipira midogo ndani ya silinda ikionja petroli inavimba. Itupe yote. Nenda kwa Eustache, muuza vipuri pale karibu na soko, ununue mipya, na uende na ile ya zamani mkononi asije akakupa ya gari jingine. Chuma kioshe kwa mafuta ya breki peke yake. Mipira nayo iloweshe kwa mafuta hayohayo, uisukume ndani kwa kidole. Nimesema kidole, siyo bisibisi. Mdomo wa kila mpira utazame kule mafuta yanakosukumwa.

Nakusaidia kwa ajili ya Mama. Alama ya ukutani msikitini bado ipo, niliitazama Ijumaa.

Dada yako,
Kabagwira


8 Aprili 1991

Kwa dada yangu,

Salamu nyingi. Nimesikia ukikohoa, pole, kunywa tangawizi ukifuturu.

Silinda zote zimerudi mahali pake na hakuna tone linalovuja. Lakini pedeli ni laini kama ugali wa mgonjwa. Ndani kuna upepo, na kuutoa kunataka watu wawili: mmoja ndani anakanyaga, mwingine chini anafungua skrubu. Nilimwomba jirani yetu Médiatrice akanyage. Alikanyaga mara moja, kisha akaniuliza, "Kwani wewe na dada iko na shida gani?" na maswali hayakuisha mpaka magharibi.

Dada, klachi ikifia kwenye kizuizi cha askari na Mama yumo ndani, nitawaeleza nini? Nimekwenda kwa Sheikh. Anasema kununiana hivi ni dhambi tupu, na kafara ya yamini ni kulisha maskini kumi. Basi tuvunje. Anza wewe, mkubwa.

Mdogo wako,
Mutsinzi


9 Aprili 1991

Kwa mdogo wangu,

Kikohozi kimepungua, ahsante.

Nianze mimi? Watu wale kumi watakula nini, pilau mbichi? Atakayesema kwanza ndiye atakayepika.

Tutafanya kazi bila kusema. Kesho baada ya alasiri, wewe kaa kwenye usukani, mimi nitakuwa chini. Nikigonga chuma mara moja, kanyaga na ushikilie. Nikigonga mara mbili, achia. Usiachie kabla sijafunga skrubu, upepo utarudi wote ndani na tutaanza upya.

Dada yako,
Kabagwira


10 Aprili 1991, jioni

Mutsinzi,

Salamu utazipata siku nyingine. Nimegonga mara moja. Wewe umekanyaga, ukaachia, ukakanyaga, ukaachia, kama unacheza ngoma! Chupa nzima ya mafuta ya breki imenimwagikia kwenye kitambaa cha kichwani. Nimetoka chini nikutazame, nakuta umefumba macho unasikiliza kwa makini. Ulikuwa unafuata kinu cha Médiatrice. Mwanamke anatwanga isombe yake, majani ya mihogo, na wewe unamkanyagia klachi.

Kesho tena, saa nane, kabla hajaanza kutwanga.

Dada yako


11 Aprili 1991

Kwa mdogo wangu mpenzi, Mutsinzi,

Assalamu alaykum. Mimi mzima, na leo neno hilo naliandika kwa kulimaanisha.

Mvua ya juzi ililainisha ardhi nami sikuweka ubao chini ya jeki. Nilikuwa nimeshika skrubu, natazama mapovu yakitoka, nisijue kwamba jeki inazama. Ndipo nikasikia ukipiga kelele, "Dada, vamo! Toka!" Sauti ile haikuwa imeniita kwa miezi mitano. Nilitambaa kama mjusi, na gari likashuka pale kilipokuwa kifua changu. Nikasimama nikakuona unalia, nami nikasema, "Achia pedeli, mjinga wangu."

Kwa hiyo wewe umevunja ya kwako, nami nimevunja ya kwangu. Maskini ni ishirini. Lakini ulianza wewe, kwa hiyo mpishi ni wewe.

Baada ya hapo tulimaliza kazi kwa robo saa, tukipiga kelele mpaka Médiatrice akaacha kutwanga aje asikilize. Pedeli sasa ni ngumu kama enzi za baba. Jumapili tunamfuata Mama. Haya yote ningekwambia kwa mdomo, ila kila nikianza nalia, na mimi ndiye mkubwa.

Nakupenda sana.
Dada yako,
Kabagwira


Jikoni, siku ya Idi

Dada,

Idi njema. Nakuandikia kwa sababu wageni ishirini wamekaa uani, na aibu hii siwezi kuipigia kelele. Mama ameonja. Amesema mchele mbichi, kisha akauliza kama nimefundishwa na wewe.

Usijibu kwa barua. Njoo, na uje na maji ya moto.

Mdogo wako