Watoto wa vyura wa Luvungi

Furaha, mujukuu wangu, huku Bukavu tuko salama; maman yako amepona na anakusalimia. Unauliza kwa nini nilimukataza tonton wako, ndugu ya maman yako, kuoshea pompe ya kupulizia dawa ya kuua majani ndani ya mufereji.

Nilipokuwa musichana kule Luvungi, wakulima wote walioshea pompe zao penye daraja la mufereji. Upande maji yanakotoka, watoto wa vyura waliota miguu wakarukia majanini. Upande yanakoelekea, walibaki na mikia, wakanenepa, wakafa nayo. Nikachota mumoja aliyekuwa hai. Ngozi ya tumbo ilikuwa kama kioo! Niliona moyo wake, mudogo kuliko punje ya muchele, unapiga kwenye kiganja changu.

Nilimurudisha majini nikijua miguu haitakuja. Yeye hakujua. Moyo wake ulikuwa bado unaingoja.

Bibi yako