Ulimi wa Kuazima

Nyuma ya Kituo cha Mabasi,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mdogo wangu mpendwa,

Kwanza uniwie radhi kwa kimya changu kirefu. Barua zako zimenifika, nimezisoma, na kila nilipochukua kalamu lilizuka jambo. Najua hiyo si sababu ya kutosha. Haifai mkubwa amwachie mdogo peke yake kazi ya kujulia hali.

U hali gani? Goti lako linaendeleaje? Ulisema baridi ya huko hulizidishia maumivu. Basi lifunge kitambaa, usione haya. Mkeo na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila kwa jambo moja, nalo ndilo lililonikalisha chini leo.

Shemeji yako alipata mafua makali mwanzoni mwa mvua. Yalipita, akarudi mkahawani kwake kama kawaida. Asubuhi moja nilikuwa nje nikifuta meza, nikasikia harufu ya maharagwe yanayoungua. Hata abiria waliokuwa wakisubiri basi ng'ambo ya barabara walishika pua. Niliingia jikoni mbio, nikamkuta amesimama kando ya sufuria, anamenya vitunguu, ametulia kabisa. Aliponiona nikizima jiko, akaniuliza kuna nini.

Daktari alisema kwamba mafua yale yaliidhuru pua, na ulimi ukaifuata. Huenda vikarudi, huenda visirudi.

Wewe umekula kwake, unajua anavyopika. Hapimi wala haonji. Huinua kifuniko, huvuta mvuke, hukirudisha, basi. Mpishi wa namna hiyo ukimnyang'anya pua umemnyang'anya na mikono.

Hakutaka mtu ajue. Tulikubaliana kwamba nitamwonjea mimi. Kila sufuria ilipokaribia kuiva niliitwa, nikapewa kijiko, nikatoa hukumu. Kazi hiyo niliifanya kwa makini, na kwa makini hayohayo nikaiharibu, kwa maana sote wawili tulisahau kwamba mimi nilikatazwa chumvi kwa ajili ya shinikizo la damu tangu mjukuu wetu wa kwanza hajazaliwa. Kwangu mimi kila kitu kilikuwa na chumvi tele. Nikawa nasema, yatosha, usiongeze.

Wateja walivumilia, kwa kuwa wanamheshimu. Mmoja aliomba chumvi kwa adabu, wa pili vilevile, na mwishowe kile kikopo cha chumvi kikawa kinazungushwa meza hadi meza kama bwana harusi. Aliyevunja ukimya ni jirani yetu, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye sote twamwita Cheche. Alisukuma sahani kando, akasema, "Mama, niambie tu. Hapa siku hizi ni mkahawa au wodi?"

Watu walicheka, naye shemeji yako akacheka. Kisha akanigeukia. Tulipokwisha kufunga, akasema, "Kumbe ulimi niliouazima nao ni mgonjwa."

Binti yetu alipopata habari alitutaka twende kwake tupumzike. Tulisafiri kwa basi kutwa nzima. Anakaa ghorofa ya nne, mahali pasafi, na lifti hufanya kazi inapopenda. Chakula huletwa mlangoni kimefungwa katika makasha, na kila mtu hula kwa saa yake, simu mkononi. Si kibaya, nilikula nikashiba. Lakini shemeji yako alikaa mezani, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa jina hospitalini.

Binti alisema wazi kwamba tufunge mkahawa, tuhamie kwake, chumba kipo. Hakusema kwa ubaya. Alisema mama yake hasikii harufu ya gesi, na siku mtungi utakapovuja hatajua. Na mtoto amesema kweli. Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Tuliporudi, basi lilisimama njiani ili tule. Wali ulikuwa mgumu na mchuzi ulikuwa maji, nami nilitaka kulalamika. Shemeji yako akanizuia. Yeye hakuwa anakula, alikuwa akiwatazama wenzetu. "Yule anakula njaa," aliniambia kwa sauti ya chini. "Huyu wa samaki anakula chakula. Tofauti inaonekana."

Jana alipika, wala hakuniita. Alipima chumvi kwa kijiko, mara ya kwanza nimwone akifanya hivyo, uso ameukunja kama mtu anayemeza dawa. Akampakulia Cheche kabla ya wote, akasimama mbele yake, mikono kiunoni, akamweleza wazi kwamba hasikii harufu wala ladha. Kisha akamtazama usoni, kama alivyowatazama wale wa njiani. Cheche alionja, akafikiri, akaonja tena.

"Basi bado kidogo, mama," alisema. "Ongeza."

Akaongeza, akamrudishia. Mara hiyo Cheche hakusema neno, alikula.

Kuhusu gesi, Cheche ameahidi kuuhamishia mtungi nje ya ukuta na kuujengea kizimba cha chuma. Binti aliambiwa hayo kwa simu, akajibu kwamba kizimba hakina pua. Yule ni mtoto wa mama yake.

Shemeji yako ameniuliza mimi nataka nini. Nilimwambia kwamba atakapokuwa yeye ndipo nitakapokula. Akanijibu kwamba hilo si jibu, hiyo ni adabu. Nimelifikiria tangu jana, na naona ana haki. Nataka abaki jikoni, na naogopa akibaki jikoni. Leo tukishakula nitamwambia yote mawili, kisha uamuzi ni wake. Nakuomba usimshauri kwa simu. Washauri anao wa kutosha.

Msalimie mkeo na wanao, na yule binamu yetu mpiga picha ukimwona. Shemeji yako anakusalimu sana. Mungu akulinde huko uliko, akupe riziki ya halali na goti lisilouma.

Akishaamua, nitakuandikia siku hiyohiyo, liwe liwalo.

Nduguyo asiyepungukiwa na upendo kwako,
Kaka yako mkubwa