Binti Yako Kwenye Maji ya Korongo

S.L.P. 41,
Kimberley,
Australia Magharibi.
19 Julai 2006

Mpendwa kaka Lindsay,

Hujambo huko Adelaide? Kifua chako kinaendeleaje na hiyo baridi yenu? Sisi tu wazima. Magoti ya Mama Mkubwa Elsie bado yanamsumbua, ila mdomo wake hauna ugonjwa. Mimi nina kikohozi kidogo cha vumbi tu.

Nakuandikia kwa sababu simu hupokei. Barua anakuletea binti yako mwenyewe, kwa hiyo usije ukasema imepotea posta.

Alifika salama. Lakini kaka, hivi wewe una akili gani? Umempa mtoto jina la mama yetu, sawa, hiyo ni heshima. Mama amefariki mwaka wa pili sasa, kuzika hukuja, halafu unamtuma binti huku bila kumwambia kwamba jina la marehemu kwetu halitamkwi mpaka mwenye msiba aliachilie. Ameshuka kwenye basi, ametupa mkono mmoja mmoja, huku akimtajia kila mtu jina lake waziwazi. Mama Mkubwa, ambaye alinyonya ziwa moja na mama, akageuka, akaingia ndani na mlango akafunga. Mtoto akabaki kunitazama. Ungekuwa karibu ningekuzaba kibao.

Kuanzia hapo tukawa tunamwita Mjukuu, naye hakulalamika. Kilichonitia wasiwasi ni safari ya korongoni. Unajua mgeni hagusi maji yale kabla mzee wetu hajamtambulisha, na mzee aliyebaki mwenye kazi hiyo ni Mama Mkubwa peke yake. Asingetaka, mtoto angekaa garini kutazama majabali kwa mbali, arudi kwenu mgeni kama alivyokuja. Na hicho ndicho kilichomleta. Aliniambia tukiosha vyombo, "Shangazi, nataka tu kujua kama mimi ni wa hapa."

Ijumaa tukapakia gari. Mama Mkubwa alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, fimbo mapajani. Nikamuuliza kama atamtambulisha mtoto.

"Mimi nakwenda kula kenge," akasema. "Wewe endesha."

Tulipiga kambi palepale mchangani, nje ya mdomo wa korongo. Popo ni wengi mwaka huu, wametunyea mpaka kwenye sufuria ya chai. Mamba nao wamejaa. Nilihesabu ishirini na tatu wakiota jua upande mmoja tu, wale wembamba wasio na shida na mtu. Binti yako hakuamini, akapandisha godoro lake juu ya gari.

"Shuka, Mjukuu," Mama Mkubwa akamwambia. "Wewe hata mamba humshibishi."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsemesha. Kenge nilimpata mimi, karibu na gogo, mnene kweli. Tulimfukia kwenye majivu, na mtoto alikula mkia wote, akaomba tena. Nilimwona Mama Mkubwa anamtazama akila.

Jumamosi asubuhi tukashuka. Mama Mkubwa kaniegemea njia nzima, tumepumzika mara tatu, kunitukana hajapumzika hata mara moja. Tulipofika majini binti yako akabaki nyuma, amekaa kwenye jiwe na viatu vyake mkononi. Nilikuwa nimemwambia asisogee asipoitwa. Moyo ulikuwa unanidunda kama mimi ndiye mgeni.

Mama Mkubwa akageuka. "Njoo hapa. Unangoja kadi ya mwaliko?"

Akajipangusa jasho la kwapa, akampaka mtoto usoni na kwenye nywele, maji yamjue kwa harufu yetu. Mtoto hakurudi nyuma hata kidogo. Akampa jiwe alirushe majini, kisha akapaza sauti kwa lugha yetu kuyaelekea majabali. Nikawa nasubiri kusikia atamwita nani.

Akasema Myrtle. Akasema tena, Myrtle, kwa nguvu, na ukuta wa korongo ukaitika. Kaka, tangu tumzike sijasikia mtu wa hapa akilitaja jina la mama. Nilikaa chini kwenye matope na nikalia. Mama Mkubwa naye machozi yanamtoka, lakini aliendelea kuongea mpaka akamaliza. Basi, jina limeachiliwa, ndiyo maana naliandika.

Baada ya hapo mimi na Myrtle tukapita lile pango linalotoboa jabali. Maji yalitufika kiunoni, ya baridi ya kuumiza mifupa. Yeye ndiye aliyeshika tochi. Katikati akamulika macho mekundu ya mamba pembeni, akasema, "Samahani, babu," akapita. Ng'ambo tuliwakuta kangaruu wadogo wa majabalini wanakunywa, wala hawakukimbia.

Kumpandisha Mama Mkubwa ilibidi tumbebe, saa mbili nzima. Mwenyewe amesema hatashuka tena.

Na kuna jambo moja Myrtle halijui, kwa sababu lugha haielewi. Baada ya kulitaja jina lake, Mama Mkubwa aliyaambia maji hivi: "Baba yake ni Lindsay. Amekaa mbali mpaka mmemsahau. Yuko nyuma, anakuja. Mpokeeni." Njiani nikamuuliza kwa nini ameyadanganya maji. Akaniambia hajadanganya, na niache maneno mengi nishike mkono wake vizuri.

Mimi bado nimekukasirikia, usijidanganye. Lakini kiangazi kinaisha Oktoba, na mvua zikianza korongoni hakufikiki.

Nisalimie wifi Glenda, na mwambie Myrtle amekuzwa vizuri. Mjomba Cecil anakusalimu. Mama Mkubwa anasema umletee soksi za sufu, nene, si zile za dukani kwetu. Mungu akupe pumzi kifuani.

Umeshatambulishwa, kaka. Umebaki kufika tu.

Dada yako akupendaye, hasira na yote,
Noreen