Simu Inayonisomea

Mke wangu wa moyoni,

Huku sisi wazima, na kikohozi cha mama kimeisha. Dada yangu alinizungusha madukani kutafuta simu. Nyingi ni kioo kitupu, kidole hakijui pa kubonyeza. Muuzaji mmoja akacheka: "Asiyeona, simu ya nini?" Dada akamjibu, "Ana mke, yuko mbali."

Hatimaye tukapata hii inayosoma kwa sauti. Nami nikisema, inaandika.

Zamani jirani akinisomea ujumbe wako, ulikuwa uleule: "Nipo salama, wasalimie." Nilihofu umenichoka. Jana nilipokuambia kwamba sasa nasikiliza mwenyewe, ulijibu palepale: "Nalala na shati lako." Nikajifungia chumbani, nikaurudia mpaka dada akagonga: "Kaka, chai imepoa!"

Niandikie tena. Masikio ni haya yangu mawili tu.

Mumeo akungojaye.