Blanketi Jekundu la Safu ya Nne

Kettle Bay, Michigan
10 Januari 1982

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko Dakota, kwenye visima vya mafuta? Kikohozi kimekuachia? Sisi hatujambo, ila Mama ameanza kuzungumza na watu wanaotaka kununua nyumba yetu.

Jana timu ya chuo ya hoki ya barafuni ilifungwa tena, saba kwa moja. Uwanja ulikuwa mtupu hata tukamsikia kipa akijisemesha. Kocha Lindroth anasema bodi ya chuo itaamua Machi: watazamaji wasiporudi, timu itavunjwa na barafu itayeyushwa. Basi hutakuwa na kazi yako ya kuendesha mashine ya kulainisha barafu ya kurudia, na sisi ndio tutakaohamia huko. Sitaki Dakota, Baba. Nakutaka wewe hapa.

Nina wazo. Unakumbuka watu walivyokuwa wakitandika mablanketi kwenye mabenchi asubuhi ya mechi, kushika nafasi? Nitayaomba nyumba kwa nyumba niyatandike mwenyewe. Nadhani mtu hataliacha blanketi lake likae peke yake.

Mwanao,
Mirja

24 Januari

Mirja mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, kifua tu bado. Baridi ya huku haina hata mti wa kuizuia. Nimefurahi kwa salamu zako.

Jaribu, lakini usijipe matumaini makubwa. Watu wa kwetu wakishakaa karibu na jiko, kuwatoa ni kazi. Blanketi langu jekundu limo kabatini chini ya makoti. Safu ya nne, karibu na mlango wa mashine. Litandike, walau moja liwepo.

Baba yako

7 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Sisi wazima.

Nimeharibu, Baba. Mablanketi walinipa, tena mengi, lakini wenyewe hawakuja. Wakaja wengine, wanafunzi na wachimba shaba wastaafu, wakakuta mabenchi yote yametandikwa. Na hapa kwetu nani atakalia blanketi la mwenzake? Walisimama ukutani mechi nzima!

Niliwaambia, "Kaeni tu, wenyewe hawaji."

Mzee Heikkinen akanikodolea macho. "Wee mtoto, nikalie blanketi la Bi Saara? Unataka anizike kabla ya Pasaka?"

"Simama, Eino, tumbo lipungue," mkewe akamwambia.

Tulifungwa tena. Niliyakusanya yote nikilia. Lako nililiacha palepale.

Mwanao,
Mirja

21 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujajibu. Unaumwa? Mama naye anaingoja barua yako; hulifikia sanduku la barua kabla yangu, kisha husema alitoka kuangalia theluji.

Sikia yaliyotokea. Mzee Heikkinen alilalamika dukani kwamba miguu inamuuma, uwanjani hapakuwa na pa kukaa. Habari ikaenea mji mzima: uwanja unajaa! Bi Saara akaja mbio nyumbani. "Nipe blanketi langu. Natandika mwenyewe, wasije wakaniibia nafasi."

Nilimweleza ukweli, kwamba mabenchi yalikuwa matupu.

"Nyamaza," akasema. "Nimeshawaambia dada zangu."

Jana mablanketi yalijaa kabla ya saa sita mchana. Tulifungwa tatu kwa mbili, na watu wakawapigia wachezaji makofi hadi wakaona haya. Mgeni mmoja aliniuliza kama lile jekundu lina mwenyewe. Nikasema linaye.

Mechi ya mwisho ni Jumamosi, tarehe sita Machi, na bodi nzima itakuja. Kocha anasema timu ikibaki, mashine ni yako. Sijui kama barua hii itakukuta. Blanketi lako nitalitandika upya alfajiri.

Mwanao,
Mirja

6 Machi, uwanjani

Mirja mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo sasa. Nililala wiki mbili kwa homa ya kifua, ndiyo maana nilinyamaza. Barua yako ya mwisho ilinikuta nikiwa nimeanza kusimama, nikapanda basi.

Nimekuona mlangoni unachana tiketi, umezungukwa na watu, sikuweza kukufikia. Umerefuka. Nimepitia mlango wa mashine, na Kocha kanipa ufunguo wa mashine, kwa leo tu. Bodi bado haijasema neno. Lolote itakalosema, litanikuta hapa.

Barafu hii wameitesa sana, siwezi kukaa nikiitazama hivi. Ninailaza karatasi hii juu ya blanketi. Nikishalainisha nitakuja.

Mtu asikalie nafasi yangu.

Baba