Mchoro wa Nafula kwenye Sidii za Shikuku

Jumanne, Kakamega

Shikuku, mwenye duka linalotazamana na langu, ananakili sidii zangu na kuwauzia wanafunzi wa chuo cha Bukura. Kwa hilo silalamiki. Programu zilizomo ni za bure, na leseni zake zinamruhusu yeyote kunakili na kuuza. Hata mimi nakula kwa ruhusa hiyohiyo.

Lakini leo nimeona amenakili hata jalada. Yule korongo mwenye taji aliye juu yake alichorwa na binti yangu Nafula akiwa wodini, kabla hajatuacha. Mchoro si programu. Ulikuwa wake, na sasa ni wangu.

Nilivuka barabara nikamwambia hivyo.

"Mama Nafula, si wewe hutuambianga ni vya bure?"

"Programu ndiyo ya bure. Picha ni ya mtoto wangu, na hata jina lake umelifuta."

"Basi mwambie mwenyewe aje anishtaki."

Wateja wawili walicheka. Wa tatu akainamia simu yake.

Shikuku akachomoa jalada moja, akalikunjakunja, akanitupia miguuni. "Haya, nimekurudishia." Mengine yalikuwa yamejaa mezani, na aliendelea kuuza nikiwa nimesimama palepale.

Nililiokota. Nikaona nitalia, nikaondoka.

Nimelinyoosha kwa pasi. Pale pembeni alipofuta, nimeandika Nafula kwa kalamu.

Mwandiko wangu haufanani na wake.