Buibui Aliyeokoa Mguu wa Min Otieno

Uriri, Jumanne jioni

Hii stori kila mtu hapa Uriri anaiharibu. Eti buibui yangu ilipigana na nyoka! Nyoka gani? Ilikuwa nge, na mimi ndiye nilikuwa hapo.

Bibi yangu, Min Otieno, yaani mama ya kijana wetu Otieno, alikuwa amepiga magoti anapaka sakafu mavi ya ng'ombe. Alikuwa anataka kuziba shimo ya hiyo buibui kubwa ya manyoya. Nge ikatoka nyuma ya mtungi, inaenda kwa mguu yake. Na ako na sukari. Daktari alimwambia hiyo mguu isipate hata kidonda kidogo.

Buibui haikukimbia. Ilingoja tu kwa mlango ya shimo, miguu juu ya uzi, inasikiliza ardhi. Nge kugusa uzi, pap! Ikavutwa ndani.

Mimi nilikuwa nimesimama imara kama simba.

"Jaduong', mzee wangu, hii buibui inafanya kazi kukushinda," akaniambia.

"Basi iachie shimo yake."

Akapaka kuzunguka. Bado naogopea hiyo mguu, lakini leo ni mzima. Nyasaye, Mungu wangu, asante. Buibui, asante.

Lakini hapo kwa simba nimeongeza. Nilikuwa juu ya kiti, naita mama yangu, na huyo tulimzika kitambo.